Pipa Lililojaa Pomoni

Gari la magereza lilikuwa njiani kutoka Potenza, na Afande Ornella Zanin hakuwa ametulia tangu alfajiri. Alikaa akasimama, akafungua dirisha akalifunga, akamimina kahawa akaisahau mpaka ikapoa. Mwendesha mashtaka alikuwa amempigia simu, akamwambia maneno machache kama mtu anayeagiza nyama buchani: binti aligombana na baba yake kwenye pango la divai, binti alionekana akikimbia, baba kakutwa amekufa. Gari likifika baada ya chakula cha mchana, Nunzia Brienza apandishwe, na mambo yaishe.

Mkaguzi mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake kula. Zanin alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake kule kaskazini, hata wakamhamishia huku Barile, chini ya mlima Vulture: akiwashwa na jambo, hawezi kuacha kulikuna. Akachukua funguo, akaenda mahabusu.

Nunzia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na koti lake limefungwa vifungo vyote, tayari kwa safari asiyoitaka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa michubuko ya kupogoa mizabibu.

"Anza tena," Zanin alisema.

"Nimeshaanza mara ngapi, Afande?"

"Anza tena. Ya hasira nimeshayasikia. Nataka uliyoyaona."

Nunzia alishusha pumzi. "Nimeingia pangoni, nikamkuta Baba yuko juu ya ngazi ya mbao, anang'oa kizibo cha pipa la divai ya Aglianico."

"Kwa nini aking'oe?"

"Divai haitoki kwenye bomba la chini kama hewa haiingii kwa juu. Kwani kwenu hamna mapipa?"

"Kwetu tunanunua dukani."

"Ndiyo maana." Nusura acheke, kisha akakumbuka alipo. "Akashuka, akajaza jagi lile la udongo, kisha glasi mbili. Yangu sikuigusa. Nikamwambia, Baba, yule mfanyabiashara wa Milano yupo hotelini wiki nzima anakungoja uweke saini. Uza shamba tupumzike. Mgongo wangu umekwisha. Wenzetu wenye zabibu za kawaida wanavuna Septemba, wanalala. Sisi na hii Aglianico tunavuna Novemba, vidole vimekufa ganzi, halafu tunangoja miaka ndipo inyweke. Nitaingoja mpaka lini?"

"Akasemaje?"

"Akasema nisubiri. Maisha yake yote neno lake ni hilo moja. Nikamwambia basi abaki na zabibu zake, zimzike." Macho yalikuwa makavu. "Nikatoka mbio. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Afande. Hata mkiniachia leo, hayo nitakuwa nayo."

Zanin akauliza, "Kizibo kilikuwa wapi wakati unatoka?"

"Kizibo?"

"Ndiyo, kizibo cha pipa."

"Mkononi mwake. Alikuwa anakigongagonga mezani mimi nikipiga kelele. Baba hakuwa mtu wa kufoka, hasira zake alizimalizia kwenye vizibo."

"Na jagi?"

"Limejaa, mezani. Alikuwa hajanywa hata nusu glasi."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Konstebo Savino Latorraca, kijana wa Rionero, jirani tu hapo, mwenye masharubu aliyoyapenda kuliko kazi. Alikuwa na sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Mzee Gerardo kaleta chakula tena. Tambi na dengu. Anasema mtoto asipelekwe Potenza na tumbo tupu."

Nunzia aligeuza uso ukutani, akalia kwa mara ya kwanza. Gerardo Lioy alikuwa baba yake wa ubatizo na swahiba wa baba yake tangu wakiwa watoto wa kukimbizana na mbuzi. Mapango yao ya divai yalitazamana, mtaa mmoja tu katikati. Yeye ndiye aliyeukuta mwili jana asubuhi chini ya ngazi za mawe, akaja kituoni bila kofia, akasema Canio kaanguka, au kaangushwa, yeye hajui, yeye hakugusa kitu.

Nje, upepo wa Machi ulikuwa unateremka kutoka mlimani na moshi wa matawi yaliyopogolewa. Zanin alitembea haraka mpaka Savino akaanza kulalamika.

"Afande, tunakimbizwa na nani?"

"Na gari la magereza. Huyu Bellazzi yuko wapi?"

Fausto Bellazzi, mfanyabiashara wa Milano, alikuwa mbele ya hoteli anasukuma mabegi kwenye buti la gari. Alipowaona akafunga buti kwa nguvu, kama mtu aliyeficha maiti ndani, na Savino akamwomba alifungue tena. Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na nguo, viatu vya shamba, na chupa kadhaa za kuonjwa.

"Mbona unaondoka mbio?" Zanin aliuliza.

"Biashara imekufa. Samahani, si neno zuri hilo."

"Jana uliniambia ulilala hotelini mpaka karibu saa sita mchana."

"Ndivyo."

"Jana nilipokuhoji ulikuwa na midomo myeusi na meno meusi. Nikadhani una ugonjwa. Sasa nimekaa hapa majira mawili, nimejifunza. Hiyo ni Aglianico, tena changa, iliyotoka pipani. Hotelini hawauzi hiyo. Ulikunywa wapi asubuhi ile, Bwana Bellazzi?"

Bellazzi alijipangusa midomo, ingawa leo ilikuwa safi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa Ginestra, kijiji cha pili, kwa mtu mwingine mwenye shamba. Alikuwa anamzunguka Canio. Akikataa huyu, anunue kwa yule, na hakutaka Canio ajue, bei isije ikapanda.

"Walinilisha soseji na pilipili kavu za kukaanga. Mke wake, mama mkwe, majirani, wote walikuwepo. Waulizeni. Walininywesha mpaka nikashindwa kuhisi ulimi."

Savino alijitenga akapiga simu. Alirudi anacheka. "Ni kweli. Wanasema alikunywa glasi ya kwanza akatoa machozi."

"Ile si divai, ni adhabu," Bellazzi alisema. "Ukakasi wake unakukaba kama umetafuna ganda la komamanga. Lakini iache pipani miaka, Afande, iache tu, hakuna inayoifikia. Tatizo ni hiyo miaka. Mimi ningeng'oa ile mizabibu mizee nikapanda zabibu ya haraka, chini yake hapo kuna ardhi ya volkano, kila kitu kinaota."

"Canio alijua kwamba utaing'oa?"

"Kijiji kizima kilijua. Na kabla hujaniuliza: nilikuwa nahitaji saini yake. Maiti haisaini."

Hapo alikuwa na hoja. Zanin alimwambia asiondoke kabla ya jioni, kisha akashika mtaa wa mapangoni, na Savino nyuma yake anahema.

Pango la Canio Brienza lilichimbwa kwenye jiwe laini la mlima na babu wa babu yake. Ndani kulikuwa na baridi isiyobadilika, harufu ya mbao zilizolowa, na mapipa matatu. Mawili yalikuwa matupu, yamegeuzwa. La tatu, la Aglianico, lilikaa juu ya magogo kama bwana harusi. Damu ilikuwa imekauka kwenye ngazi ya mwisho ya mawe. Kila kitu kilikuwa kama walivyokiacha jana: meza, jagi la udongo limejaa, glasi moja haijaguswa na nyingine imepungua kidogo.

"Mwanzo daktari alisema kauawa na gesi," Zanin alisema, akizungukazunguka.

"Daktari ni mgeni. Gesi mwezi wa tatu? Gesi ni Novemba, juisi ikichemka. Hapo hata panya haingii humu bila mshumaa. Saa hizi divai imelala zamani."

"Kizibo kiko wapi?"

Savino alitazama mezani. Akatazama chini ya meza. Zanin tayari alikuwa anapanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa pipani. Juu ya pipa, kizibo kilikuwa mahali pake, kimezungushiwa kitambaa safi na kugongwa mpaka kikazama.

"Nunzia anasema alikiacha mkononi mwa baba yake."

"Basi mzee alikirudisha baada ya binti kutoka."

"Kama alikirudisha baada ya binti kutoka, basi binti alimwacha hai, na mwendesha mashtaka anipeleke mimi gerezani. Nipe nyundo."

Aligonga kizibo ubavuni, huku na huku, kikalegea. Akakichomoa, akawasha tochi. Divai ilikuwa imefika mdomoni kabisa, nyeusi, haina hata nafasi ya ukucha. Pipa lilikuwa limejaa pomoni.

Zanin alikaa juu ya ngazi akaitazama kwa muda. Kisha akamwambia Savino achukue jagi jingine linalolingana na lile la mezani, afungue bomba la chini, alijaze, na glasi mbili juu yake. Savino akafanya. Divai ikashuka taratibu kwenye tundu. Zanin alitumbukiza ncha ya kidole, kisha kidole kizima, na mwishowe hakikuifikia tena.

"Umeona? Kuteka kiasi kile kunaacha pengo hili. Jagi la Canio liko pale limejaa, divai haikurudishwa pipani. Lakini pipa halikuwa na pengo. Kuna divai imeongezwa."

"Mzee alilijaza kwa divai ya akiba. Kila mtu anafanya hivyo, Afande. Mbao inakunywa kidogo kidogo, hewa ikikaa juu divai inageuka siki. Aglianico inalala humo miaka minne, mitano. Ni kama mtoto wa kunyonya, huwezi kusema leo nimechoka. Babu yangu alitoka kumzika bibi, na suti yake ya mazishi, akapitia pangoni kujaza pipa. Tulikuwa tunamngoja mezani."

"Akiba ya Canio iko wapi?"

Ilikuwa chini ya rafu: chupa za tumbo pana na shingo nyembamba, kubwa mpaka ndogo, zote zimezibwa kwa nta. Zanin alipiga magoti akazikagua moja moja na tochi. Nta ilikuwa nzima na vumbi halijaguswa.

"Hakuna iliyofunguliwa. Divai iliyojaza pipa ilitoka nje ya pango hili."

Alirudi juu mbio, akachukua mrija wa kioo wa kuonjea uliokuwa kwenye rafu, akachota kutoka juu kabisa na kumwaga kwenye sahani nyeupe. Akaisogeza sahani kwenye mwanga wa mlangoni. Juu ya wekundu ule mzito kulikuwa na vijiduara vitatu vinne vya rangi ya dhahabu, vinateleza, vinaungana, vinaachana.

"Savino, mafuta yanafanya nini humu?"

Kijana aliinama, masharubu nusura yaguse sahani. "Mafuta ya zeituni. Watu wanayamwaga kidogo juu ya divai kwenye chupa ya akiba ili hewa isipite. Ukitaka kutumia unayatupa kwanza. Lakini si Mzee Canio! Yeye alikuwa anasema mafuta ni ya dengu. Ukimtajia mafuta kwenye divai yake mnagombana mpaka Pasaka."

"Nani anatumia mafuta?"

"Nusu ya kijiji. Mama yangu. Padri. Mzee Gerardo."

Kila mmoja alisikia jina la mwisho kwa wakati wake. Savino ndiye aliyetazama pembeni.

Zanin alitoka nje kupata mtandao, akampigia mwendesha mashtaka. Alimweleza pipa, jagi, kizibo na mafuta. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya uma kwenye sahani.

"Afande, unaniambia muuaji aliua mtu, halafu akapanda ngazi akajaza pipa?"

"Ndiyo."

"Muuaji gani anafanya hivyo?"

"Ni mtu asiyeweza kuliacha wazi."

"Hilo ni pipa, si ushahidi. Nani kakuambia kizibo kilikuwa mkononi mwa mzee? Mtuhumiwa. Nipe jina kabla gari halijageuza kurudi. La sivyo mwanamke anapanda."

Gerardo Lioy alikuwa mlangoni mwa pango lake, anachoma matawi ya mizabibu kwenye pipa la bati. Alikuwa mzee mrefu, shingo imekunjamana kwa jua, na alivua kofia alipomwona Zanin.

"Mwanangu, umekula? Mtoto kala?"

"Hajala bado."

"Atakula. Ana kichwa kigumu kama baba yake." Aliwaketisha kwenye benchi, akaingia ndani, akatoka na chupa ya tumbo iliyosukiwa matete. Akang'oa kizibo, akainamisha shingo ya chupa na kuikung'uta kidogo kwa kiganja. Mafuta yakaruka chini kama mate. Kisha akamimina glasi mbili. Savino hakuigusa yake.

Zanin alikunywa. Ukakasi ulimkamata ufizi, ukamkausha mashavu, ukakaa hapo. Alingoja. Nyuma yake kikaja kitu kingine, kitamu na cheusi, cha moshi na matunda yaliyoiva mno. Ilikuwa mara ya kwanza kuielewa, na alichukia kuwa ameielewa siku hiyo, kwenye benchi hilo.

"Mnaichuma lini?" aliuliza.

"Wenzetu wakishamaliza na kusahau. Baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwaka mwingine theluji inatuwahi." Gerardo alionyesha mlima kwa kidevu. "Ile mistari mizee ya juu, baba yangu na baba yake Canio waliipanda pamoja. Nusu yangu, nusu yake. Mpaka hatukuuweka kamwe. Tulikuwa tunachuma pamoja, tunagawana mwishoni."

"Jana ulikwenda kwake na nini mkononi?"

"Mikono mitupu. Nilikwambia. Nimeingia, nimemwona, sikugusa kitu, nimekuja kwenu."

"Nimefungua lile pipa lake."

Mkono wa Gerardo ulisimama juu ya kizibo. "Kwa nini?"

"Sampuli. Ni utaratibu. Nimeteka jagi zima."

"Umelijaza?"

"Hapana. Nimeliacha hivyo hivyo. Maabara watafika wiki ijayo."

Mzee aliinuka, akakaa. Akasukuma motoni tawi lililokuwa tayari motoni. "Wiki ijayo," alisema. "Na Nunzia yuko ndani. Afande, nipe ruhusa nikalizibe, dakika moja tu. Savino anisindikize."

"Hakuna haja. Lilishaharibika." Zanin aliiweka glasi chini. "Kuna mtu alilijaza baada ya Canio kufa. Alitia takataka. Uchafu wa mafuta unaelea juu, na divai yenyewe siki tupu. Mlevi gani sijui, kaokota chupa jalalani. Kazi ya miaka mitano imekwenda na maji."

Savino alifungua mdomo, akaufunga. Zanin hakumtazama. Alikuwa anamtazama mzee, ambaye damu ilikuwa imempanda usoni mpaka masikioni.

"Siki?"

"Siki."

"Siki?" Gerardo alisimama wima. "Wewe umezaliwa kwenye divai ya dukani, unajua nini siki? Ile ni ya mwaka ule ule na lile pipa! Mistari ile ile! Tuliichuma mimi na yeye, theluji inatuangukia mabegani, tukaigawana kwenye beseni moja! Ungemwita Kristo mwenyewe aonje, asingeweza kusema inaanzia wapi na inaishia..."

Matawi yalikuwa yanalia motoni. Mzee alimtazama Zanin, na Zanin aliona kwamba amesikia alichokisema, kwamba angeweza bado kukana, na kwamba alikuwa amechoka. Akakaa.

"Si siki," alisema taratibu. "Sivyo?"

"Si siki. Samahani, Mzee Gerardo. Ni hii hii niliyokunywa sasa hivi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa haki yake. Savino aliyafuta macho kwa mkono wa shati. Mzee yule alikuwa amempa peremende tangu hajaota meno.

"Nilimpelekea chupa," Gerardo alisema. "Kila Machi tunaonjana, ya kwangu na ya kwake. Nimemkuta amekaa, kizibo mkononi. Kaniambia, Nunzia katoka hapa sasa hivi, Gerardo. Kaniambia, mtoto ana haki. Nimemlia ujana wake na hii mizabibu. Nitasaini."

"Atasaini kuuza?"

"Na nusu yake ikiuzwa, yangu inabaki kitu gani? Yule Mmilano ataleta trekta. Mizabibu ya baba yangu na ya baba yake imeshikana mizizi, utang'oaje nusu? Nikamwambia, huwezi. Akasema, nimekata shauri. Akaanza kupanda ngazi za mawe, nikamzuia kwa mbele, nikamsukuma. Hivi tu. Tumesukumana tangu tukiwa watoto, mara ngapi, hata kanisani." Aliiangalia mikono yake. "Akarudi nyuma, kisigino kikakosa ngazi. Nikamwita. Nikamwita tena. Halafu nikaona pipa liko wazi."

"Ukalijaza."

"Ningeliachaje? Ningeliachaje, mwanangu? Nikatoa mafuta, ila niliharakisha, hayakutoka yote. Nikatafuta kitambaa safi. Nikagonga kizibo. Baada ya hapo ndipo nikakumbuka kwamba amekufa, nikakaa naye chini."

"Na Nunzia?" Zanin alikuwa ameahidi nafsi yake kutopandisha sauti, akaipandisha. "Umemwacha siku nzima na usiku mzima mahabusu. Umempelekea tambi!"

"Alikuwa na njaa," Gerardo alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilikuwa nasema moyoni, yeye ndiye aliyeanza maneno ya kuuza. Nilisema hivyo usiku kucha. Haikusaidia."

Zanin alimsomea haki zake pale pale, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Savino alimfunga pingu kwa mbele, kwa kuwa bega la mzee lilikuwa bovu, na walipanda mtaa taratibu, watu wakitoka milangoni wakiwa na vijiko mkononi. Gari la magereza lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, dereva ameegemea bodi anavuta sigara.

"Nimeambiwa mwanamke," dereva alisema.

"Umeambiwa vibaya. Ngoja."

Mwendesha mashtaka alipokea simu mlio wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akauliza tahajia ya jina, akasema karatasi ya kumwachia binti inakuja sasa hivi. Hakuomba radhi, wala Zanin hakuingoja.

Alifungua mlango wa mahabusu mpaka mwisho. Nunzia alisimama, akavuta koti lake vizuri, akashika kifungo cha juu.

"Gari limefika?"

"Limefika. Si lako. Uko huru."

Nunzia hakusogea. Zanin akamwambia ni nani aliyefanya. Alimwambia kwa maneno mafupi, akiwa amesimama, na akaona uso wa yule mwanamke ukipokea jina lile kama mtu anayepokea mzigo mzito asioutegemea.

"Kwa nini? Walikuwa kama pacha. Kwa nini?"

Zanin alitazama korido. Angeweza kusema waligombana tu. Lakini maneno ya Gerardo yalishaandikwa, yangesomwa mahakamani Potenza mbele ya kijiji kizima, na Nunzia angeyasikia akiwa amekaa kwenye benchi katikati ya majirani.

"Kwa sababu baba yako alikubali," alisema. "Alimwambia Gerardo kwamba una haki. Kwamba atasaini."

"Alikubali lini?"

"Ulipotoka."

"Nilipotoka lini?"

"Pale pale, Nunzia. Ulikuwa hujafika hata juu ya mtaa."

Nunzia alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda. Alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha kilichofuata, polepole, mpaka cha mwisho. Nje dereva alipiga honi, na sauti ya Savino ikamkaripia.

"Kwa hiyo aliposema nisubiri, hakumaanisha miaka," alisema. "Alikuwa anataka nikae tu kidogo."

Zanin alisogea pembeni, mlango ukabaki wazi.

"Funga mlango, Afande."

"Unaweza kwenda nyumbani."

"Najua. Ufunge."

Zanin aliufunga, bila kutia ufunguo, akabaki amesimama nje.